Jiko dogo la umeme: faida na hasara za moto usioonekana

Katika mitaa ya mashariki ya miji ya Buffalo na Columbus nchini Marekani, familia zilizotoka Kongo, Burundi na Somalia zimehamisha chungu cha maharage kutoka kwenye mafiga hadi kwenye chombo cha umeme kinachokaa juu ya meza ya jikoni. Chombo hicho huokoa muda na, mara nyingine, fedha. Hata hivyo kina masharti yake, na asiyeyajua huweza kupata hasara kubwa kuliko bei aliyokinunulia.

Mpishi aliyekulia Uvira, Kigoma au Kismayu alijifunza kupika kwa macho na masikio. Akiona ndimi za moto zimepanda, huondoa ukuni mmoja. Akiona moshi, hufungua dirisha. Akisikia maji yanatokota, hujua kuwa wakati wa kutia unga umewadia. Jiko dogo la umeme limeziondoa karibu dalili zote hizo. Joto limefungiwa ndani ya kifuniko, na nguvu inayolilisha inapita ukutani bila sauti. Moto upo, lakini hauonekani. Faida za chombo hiki zinatokana na jambo hilo, na hatari zake vilevile.

Wapishi hao si wachache. Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, ni makao ya mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani. Miongoni mwao wamo Wabantu wa Somalia, ambao walianza kuhamishiwa Marekani mwaka 2003, na ambao wengi wao hukijua Kiswahili. Kabla ya kuondoka katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, walipewa mafunzo ya kutumia vitu vya nyumba ya Kimarekani, jiko likiwemo. Baadaye, hasa katika muongo wa 2010, walifuata wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo, ambao walipelekwa katika miji mingi, ikiwemo Buffalo katika jimbo la New York na Louisville katika jimbo la Kentucky.

Jina moja, vyombo vinne

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Watu husema "jiko dogo la umeme" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali juu ya rafu vipo vyombo vinne vinavyofanya kazi nne tofauti.

Cha kwanza ni jiko la koili, yaani sahani moja au mbili za chuma zinazopashwa moto na umeme. Juu yake huwekwa sufuria ya kawaida. Hili ndilo lililo karibu zaidi na jiko la mkaa, kwani mpishi hukoroga, huonja na kupunguza joto apendavyo.

Cha pili ni raiskuka, chombo cha kupikia wali. Kampuni ya Toshiba ya Japani ilianza kuuza raiskuka yake ya kujiendesha yenyewe mwaka 1955. Siri yake ni nyepesi. Maji yanayochemka hayapandi zaidi ya digrii 100 hivi. Mchele unapokwisha kuyanywa yote, joto la chini ya sufuria hupanda ghafla, na swichi hulihisi ongezeko hilo na kujizima.

Cha tatu ni sufuria ya kupikia polepole. Ilibuniwa na Mmarekani Irving Naxon, aliyepewa hataza yake mwaka 1940, na ilipata umaarufu tangu mwaka 1971 ilipoanza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot. Hupika kwa joto la chini kwa muda wa saa sita, nane au zaidi.

Cha nne ni presha kuka ya umeme. Wazo la kupikia kwa mvuke uliofungiwa ni la kale: Mfaransa Denis Papin alilibuni mwaka 1679 akiwa London. Hata hivyo ni baada ya mwaka 2010, ilipoingia sokoni Instant Pot kutoka Kanada, ndipo presha kuka ya umeme ilipoenea katika majumba ya Amerika ya Kaskazini.

Vyombo hivi viwili vya mwisho hufanana mno kwa umbo. Vyote ni sufuria nene yenye kifuniko na vitufe. Lakini kimoja hupika chini ya kiwango cha maji kuchemka, na kingine hupika juu yake. Tofauti hiyo, kama itakavyoelezwa, ni suala la afya.

Faida zake

Faida kubwa kabisa ya presha kuka ni muda. Mvuke ukifungiwa, maji huchemka kwenye digrii 115 hadi 120 badala ya 100. Maharage makavu ambayo juu ya moto wa kawaida huhitaji saa mbili au tatu, humo huiva kwa muda wa saa moja hivi. Watu waliotoka nchi za milimani wanaifahamu shida hii vizuri. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye digrii 94 tu, na ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huko kuliko Mombasa. Presha kuka huifuta tofauti hiyo.

Faida ya pili ni nishati. Kupasha moto lita tatu za maji kutoka digrii 20 hadi kuchemka huhitaji chini kidogo ya theluthi moja ya uniti ya umeme. Chungu kilicho wazi kikiendelea kutokota kwa saa nyingi, sehemu kubwa ya umeme unaofuata hupotea pamoja na mvuke. Presha kuka yenye wati 1,000, ikishajaa mvuke, huwaka na kuzima kwa vipindi. Ikiwaka kwa jumla ya nusu saa, imetumia nusu uniti. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa mbili na nusu mfululizo, imetumia uniti mbili na nusu.

Wastani wa bei ya umeme wa majumbani nchini Marekani mwaka 2024 ulikuwa senti 16 na nusu hivi kwa uniti. Basi chungu kimoja cha maharage kitagharimu senti 8 katika presha kuka na senti 41 juu ya koili. Kwa familia inayochemsha maharage mara tatu kwa wiki, akiba hiyo ni dola 50 hivi kwa mwaka. Si haba, lakini si utajiri. Na kwa anayepikia gesi ya bomba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Buffalo, akiba ya fedha ni ndogo mno au haipo kabisa. Muuzaji anayeahidi kwamba chombo hiki kitapunguza nusu ya bili ya umeme hasemi kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya bili hiyo huliwa na vyombo vya kupasha nyumba joto au kuipoza, jokofu na maji ya moto.

Faida ya tatu huonekana wakati wa kiangazi. Columbus hupata siku za digrii 32 na zaidi, na oveni ikiwashwa ndani ya nyumba ndogo ya kupanga, jiko hugeuka tanuru. Chombo kidogo kilichofungwa hakitoi joto jingi, wala hakitoi moshi. Aidha, mzazi anayefanya kazi ya zamu hahitaji kusimama mbele yake. Kwa wengi hili lina thamani kuliko zile senti 33 zinazookolewa.

Mambo yasiyowezekana

Pamoja na hayo, chombo hiki hakimalizi kazi zote za jikoni. Ugali hautaki kifuniko. Unataka mwiko, mkono na sufuria iliyoshikika imara. Sufuria ya ndani ya presha kuka au ya raiskuka huzunguka unaposonga, na utando wake mwembamba hukwaruzika. Kwa ugali, jiko la koili ndilo linalofaa, nalo lazima liwe zito na lenye miguu isiyoteleza. Chapati nazo huhitaji joto kavu na kikaango kipana.

Kwa sombe, ambayo wengine huiita kisamvu, ipo sababu zaidi ya ladha. Majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sianidi, ambayo huondoka kwa kutwangwa na kisha kuchemshwa chungu kikiwa wazi, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Desturi ya bibi zetu ya kuacha chungu bila kifuniko haikuwa uzembe. Anayetumia presha kuka na ayachemshe kwanza majani hayo yakiwa wazi, ndipo afunge kifuniko kwa ajili ya kuyalainisha.

Pia kuna suala la ukubwa. Presha kuka ya lita sita haipaswi kujazwa zaidi ya theluthi mbili, na kwa vyakula vinavyotoa povu au kuvimba, kama maharage na nafaka, isizidi nusu. Hizo ni lita tatu tu, pamoja na maji. Inatosha kwa chakula cha jioni cha watoto, lakini haitoshi kwa wageni wa msiba au wa harusi.

Hatari ya maharage mekundu

Msikilizaji, hili ndilo jambo ambalo halikuwahi kuwasumbua wapishi wa mafiga. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ya aina ya lektini. Maharage manne au matano tu yasiyoiva yanaweza kumfanya mtu apate kichefuchefu, kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Juu ya moto wa kuni au mkaa sumu hii haina nafasi, kwa kuwa maharage hutokota kwa saa nyingi.

Katika sufuria ya kupikia polepole mambo ni tofauti. Joto la ndani yake huenda lisifikie kuchemka. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya kwamba maharage yakipashwa hadi digrii 80 hivi bila kuchemka, sumu hiyo inaweza kuongezeka hadi mara tano kuliko ilivyo katika maharage mabichi. Kwa maneno mengine, maharage yanaweza kuwa yamelainika, yananukia vizuri, na bado yakawadhuru watoto. Ulimi hautambui wala jicho halioni.

Ushauri wa idara hiyo ni kuyaloweka maharage kwa saa tano au zaidi, kuyamwaga maji hayo, kisha kuyachemsha kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 30. Baada ya hapo yanaweza kuhamishiwa kwenye sufuria ya polepole bila wasiwasi. Presha kuka haina tatizo hili, kwa sababu joto lake hupita kiwango cha kuchemka, ilimradi maharage yameiva kabisa.

Chakula kilichokwisha kuiva nacho kina sharti lake. Wali uliobaki ndani ya raiskuka iliyozimwa usiachwe hapo usiku kucha, maana vipo vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa na kuzaliana wali unapopoa. Ama uwekwe mahali pa joto la zaidi ya digrii 60, ama uhamishiwe kwenye jokofu ndani ya saa mbili.

Nyaya za nyumba kongwe

Hatari nyingine imo ndani ya kuta. Buffalo ni mji wenye historia ya pekee katika habari za umeme. Mnamo Novemba 1896 nguvu ya maporomoko ya Niagara ilifikishwa mjini humo kwa nyaya zenye urefu wa kilomita 40 hivi, na dunia nzima ikastaajabu. Lakini mitaa ya mashariki ya mji, ng'ambo ya barabara ya Main Street, ina nyumba nyingi za mbao zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Wajenzi wake hawakuwazia jiko lenye raiskuka, birika ya umeme na maikrowevu kwa wakati mmoja. Nyumba ambazo hazikubadilishiwa nyaya zina soketi chache, na mara nyingi soketi kadhaa hulishwa na waya mmoja.

Hesabu yake ni hii. Umeme wa majumbani Marekani una volti 120. Waya unaolindwa na fyuzi ya ampea 15 unabeba wati 1,800 tu. Presha kuka ya wati 1,000 pekee haina neno. Ukiongeza koili ya wati 1,000 kwenye waya huo huo, kiwango kimepitwa. Fyuzi ikikatika, imefanya kazi yake: imeizuia nyumba isiungue. Asiwepo mtu wa kuibadilisha kwa nyingine kubwa zaidi ili apate kuendelea kupika.

Ekstensheni nyembamba ni adui wa pili. Chombo cha kupikia kichomekwe ukutani moja kwa moja. Jiko la koili lisiachwe peke yake likiwa na mafuta juu yake, kwani upishi ulioachwa bila mwangalizi ndio chanzo kikuu cha mioto ya majumbani nchini humo. Koili iliyozimwa hurudi kuwa nyeusi mapema, lakini huendelea kuunguza kwa dakika kadhaa, jambo ambalo mtoto hawezi kulijua kwa kuiangalia. Mpangaji naye asome mkataba wake, kwa maana baadhi ya wenye nyumba hawaruhusu majiko ya koili vyumbani.

Wanaonunua vyombo vilivyotumika wachunguze pia kama vimewahi kurejeshwa kiwandani. Mwezi Novemba 2020 presha kuka zaidi ya 900,000 za aina moja zilitangazwa kurejeshwa nchini Marekani, kwa kuwa kifuniko kiliweza kufunguka mvuke ukiwa bado umo ndani, na watu waliungua. Nambari iliyo chini ya chombo inatosha kufanyia uchunguzi huo.

Umeme unapokatika

Udhaifu mkubwa wa jiko la umeme ni kwamba halina akiba. Gunia la mkaa hukaa pembeni likingoja. Umeme hukatika bila kuaga. Mwezi Juni 2022, baada ya dhoruba na katikati ya joto kali, wateja zaidi ya 200,000 walikosa umeme katika eneo la Columbus na vitongoji vyake. Mwezi Desemba mwaka huo huo, tufani ya theluji iliifunika Buffalo kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 40 walikufa mjini humo na katika wilaya yake, na mitaa ya mashariki ilikuwa miongoni mwa iliyoumizwa zaidi. Kuna nyumba zilizokaa gizani bila joto wala mahali pa kuchemshia maji.

Katika saa kama hizo kumbukumbu ya jiko la mkaa humrudia mtu. Hapo ndipo penye mauti. Kibanda cha kijijini kina mianya na madirisha yasiyo na vioo, na kwa kawaida mlango huwa wazi. Nyumba ya Marekani imezibwa kila mahali ili joto lisitoke. Mkaa ukiwashwa ndani yake, gesi ya kaboni monoksaidi hujaa bila rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Mwezi Desemba 2006, dhoruba ilipokata umeme katika eneo la Seattle, wahamiaji wengi, Wasomali wakiwemo, walidhurika kwa kuwasha mkaa ndani ya nyumba, hata gazeti la mji likachapisha onyo kwa lugha kadhaa kwenye ukurasa wa mbele. Mwezi Januari 2009, baada ya dhoruba ya barafu katika jimbo la Kentucky, watu kadhaa walikufa kwa gesi hiyo hiyo, iliyotoka hasa kwenye jenereta.

Kwa hiyo, anayetegemea jiko la umeme awe na akiba ya chakula kisichohitaji moto, awe na king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri, na aweke sheria isiyovunjwa nyumbani mwake: mkaa hauwashwi ndani, wala kwenye gereji, hata kama dirisha liko wazi.

Zawadi ya kupeleka nyumbani

Wengi walioipenda presha kuka hutamani kuwapelekea wazazi wao. Nia ni njema, lakini umeme wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo una volti 220 hadi 240. Chombo cha volti 120 kikichomekwa huko huvuta nguvu karibu mara nne ya ile kilichoundiwa, nacho huungua. Transfoma ya kuubadilisha umeme kwa chombo cha wati 1,000 ni nzito na ya gharama. Ni bora kutuma fedha na kununua chombo kilichotengenezwa kwa umeme wa huko.

Hilo sasa linawezekana zaidi kuliko zamani. Kampuni ya umeme ya Kenya imekuwa ikihamasisha upishi wa umeme kwa kampeni iitwayo Pika na Power. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwezi Mei mwaka huo huo, mkutano uliofanyika Paris uliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi barani Afrika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko lisilo na moshi si anasa mbele ya takwimu hiyo.

Basi mizani iko hivi. Kwa maharage, makande, nyama ngumu na wali, chombo kidogo cha umeme ni msaidizi mwema, na wa kuaminika iwapo kimechomekwa vizuri. Kwa ugali na chapati, jiko la wazi bado lina nafasi yake. Wala hakimwondolei mpishi wajibu wa kuwa macho. Kinachobadilika ni mahali pa kutazama. Zamani alitazama kuni na moshi. Sasa atazame nambari ya volti, waya ulio ukutani, valvu ya mvuke, na maharage aliyohakikisha kwa mkono wake kwamba yamechemka.